Hulka Ina Dawa? Somo la Fimbo Tatu

Wanachuo wenzangu, naomba nianze na kisa ambacho sikukiandika kwenye ripoti yangu ya TP.

Ilikuwa wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo, kidato cha pili, kipindi cha Historia, saa nane mchana. Darasa lina wanafunzi zaidi ya themanini, jua linawaka, bati halina dari. Nimegeuka kuandika ubaoni, nikasikia kicheko nyuma. Nikageuka, kimya. Nikarudi ubaoni, kicheko tena. Mara ya tatu nikamwona mchekaji: kijana mmoja mrefu wa dawati la mwisho. Tangu siku yangu ya kwanza nilishaambiwa kwenye ofisi ya walimu, "Huyo ni mkorofi kwa hulka, usijisumbue naye." Masikio yangu yakapata moto. Kilichofuata sikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba fimbo iliyokuwa juu ya meza, ambayo wala haikuwa yangu, ilikuwa mkononi mwangu, na nilikuwa nimeshamchapa tatu za mgongoni.

Kanuni naijua. Viboko shuleni hapa nchini hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Mimi si mkuu wa shule, sikuwa na idhini ya mtu, na sikuandika popote. Zaidi ya yote, ile haikuwa adhabu. Ilikuwa hasira yangu tu imepata mgongo wa mtoto wa mtu.

Mwalimu mmoja akaniambia, tena kwa upole kabisa, "Utazoea, madam." Jioni nikampigia mama, nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni damu ya baba yako, mwanangu. Hulka haina dawa."

Ndiyo sababu ya makala hii. Kama mama yuko sahihi, basi nimechagua kazi isiyonifaa, maana mwalimu hukaa na watoto wa watu miaka thelathini na zaidi. Kama amekosea, nataka nijue amekosea wapi. Nadhani wengi wetu tuna swali kama hili, hata kama si la hasira: uvivu, woga wa kusimama mbele ya watu, uongo mdogomdogo, kuahirisha kila kitu mpaka wiki ya UE. Je, ndivyo tulivyo, au ndivyo tulivyozoea?

Tuanze na maneno

Kiswahili hakikutupa neno moja tu hapa, kimetupa kadhaa, na tukiyachanganya mjadala wote unaharibika.

Silika ni kile ambacho kiumbe anazaliwa nacho bila kufundishwa, kama mtoto mchanga kunyonya. Hulka ni mwelekeo wa ndani wa mtu: mpole, mkali, mwenye haraka, mwenye haya. Huonekana mapema, na huwa tunasema "huyu ndivyo alivyo". Mazoea ni kile kinachokuja kwa kurudiarudia. Neno lenyewe linatokana na kuzoea.

Tabia ndiyo yenye utata. Tumelikopa neno hili kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni maumbile, na mzizi wake unahusu kugonga muhuri au kupiga chapa. Ndugu yake mwingine tuliyemkopa ni matbaa, mahali pa kuchapia vitabu. Kwa asili yake, basi, tabia ni chapa iliyokwisha kugongwa. Lakini sisi tukaanza kulitumia kwa mwenendo pia. Tunasema "ana tabia ya kuchelewa", na tunasema "acha tabia hiyo". Humwambii mtu aache kitu kisichoachika. Tulipohitaji neno la hali ya hewa ya nchi kwa muda mrefu tukaunda tabianchi, na leo kila mtu anazungumzia mabadiliko ya tabianchi. Kwa hiyo katika matumizi yetu tabia ni kitu kinachoweza kubadilika, na hakuna anayeshangaa.

Methali nazo hazitoi hukumu moja. "Mwana wa nyoka ni nyoka" imeshika upande wa damu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" imeshika upande wa malezi. "Samaki mkunje angali mbichi" inasema mabadiliko yapo ila yana muda wake. Halafu inakuja "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu", yaani hata aliyechelewa bado anafundishika, ila kwa bei ghali. Wazee waliona mifano ya kila aina, wakaiwekea kila mmoja methali yake.

Upande wa damu

Tuwe waadilifu, upande huu una hoja nzito. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwachunguza pacha waliotenganishwa wakiwa wadogo na kulelewa na familia tofauti. Pacha wa kufanana, ambao wamerithi vinasaba vilevile, walionekana kukaribiana sana kihulka hata kama hawakuwahi kukaa nyumba moja. Tafiti za pacha na za watoto wa kuasiliwa zilizofuata kwa jumla zinakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti za kihulka baina ya watu inahusiana na urithi.

Hapa wengi tunateleza. "Nusu ya tofauti baina ya watu" haina maana kwamba nusu yangu mimi ni baba na nusu nyingine ni mimi mwenyewe. Ni takwimu ya kundi, si ya mtu mmoja. Na kitu kurithiwa hakumaanishi hakigusiki. Macho yasiyoona mbali nayo hurithiwa, na miwani ipo.

Mfano mwingine ni wa Jerome Kagan wa Harvard. Yeye na wenzake waliwaonyesha watoto wa miezi minne vitu vigeni, sauti na picha zinazochezacheza. Takribani mtoto mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu na kulia kuliko wenzake. Waliwafuatilia watoto hao mpaka ujanani. Wengi waliokuwa wakishtuka hivyo walianza kutembea wakiwa waoga wa wageni na mambo mapya. Lakini walipofika ujana, sehemu kubwa yao hawakuwa tena na haya ya kuonekana kwa macho. Hata hivyo ilikuwa nadra kumkuta mmoja wao amegeuka kuwa mtu wa kujiachia kabisa, asiyejali chochote.

Nilipoyasoma hayo nikakumbuka msemo wa mtaani: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hulka ni kamba. Inakuzuia usifike kila mahali. Lakini hapo katikati kuna eneo kubwa, na mbuzi hasimami sehemu moja.

Upande wa mabadiliko

Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 92 zilizowafuatilia watu walewale kwa miaka mingi. Walikuta kwamba kwa wastani watu huongezeka uwajibikaji na utulivu wa moyo kadiri wanavyokua, na kwamba mabadiliko makubwa zaidi hayatokei utotoni kama tunavyodhani. Hutokea kati ya miaka 20 na 40. Rudia kusoma umri huo, ndugu msomaji. Ni sisi. Samaki bado ni mbichi.

Mwaka 2017 Roberts aliongoza uchambuzi mwingine, safari hii wa tafiti 207 zilizowahusu watu waliopata msaada wa makusudi, hasa tiba ya kisaikolojia. Msaada huo kwa wastani ulichukua wiki 24, na kilichobadilika zaidi ya vyote ni utulivu wa moyo, yaani kilekile ambacho mimi kimenipungukia. Nyingi ya tafiti hizi zimefanywa Marekani na Ulaya, kwa hiyo tusizibebe kama zilivyo. Lakini zinatosha kuivunja ile kauli ya "haina dawa".

Na mazoea je? Mtaani wanasema ukifanya kitu siku 21 kinakuwa tabia. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake, wa chuo kikuu kimoja cha London, walichapisha utafiti uliowafuatilia watu 96 waliochagua kila mmoja zoezi dogo la kila siku, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilikadiriwa kwamba zinahitajika siku 66 kabla jambo halijaanza kufanyika lenyewe bila kufikiri. Wengine ni siku 18, wengine 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Ukianguka siku ya kumi, basi umeanguka siku moja tu. Kesho yake unaendelea na ya kumi na moja.

Jiwe la Aristotle

Waliosoma falsafa ya elimu mwaka wa kwanza watakumbuka hoja ya Aristotle kuhusu jiwe. Jiwe kwa maumbile yake huanguka chini, na hata ukilirusha juu mara elfu kumi halitazoea kupanda. Kwa hiyo kama maadili yangekuwa ni maumbile kama uzito wa jiwe, shule isingekuwa na kazi. Lakini hakusema pia kwamba maadili yako kinyume na maumbile. Alisema maumbile yametupa uwezo wa kuyapokea, na mazoea ndiyo yanayoyakamilisha. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama fundi ujenzi anavyopata ufundi kwa kujenga.

Kwangu mimi hoja hii inaligawa swali vipande viwili. Je, ule moto wa masikioni unaweza kuisha? Pengine sivyo, au si wote. Je, mkono ni lazima uifuate hasira mpaka kwenye fimbo? Hapana. Kati ya moto na mkono kuna nafasi, hata kama ni ya pumzi mbili, na kazi yote ya malezi inafanyika ndani ya nafasi hiyo. Mtu akisema "hasira ilinipanda nikampiga" ameruka hatua moja katikati bila kuitaja. Nami siku ile niliiruka.

Chapa tunayowagongea wengine

Mpaka hapa nimejizungumzia mimi. Yule kijana je? Naye aliitwa "mkorofi kwa hulka", na mimi nikaamini kabla sijajua hata anakaa wapi.

Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha utafiti wa shule moja ya msingi ya California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani, karibu mmoja kati ya watano, wameonekana kwenye jaribio kuwa watachanua kiakili mwaka ule. Ukweli ni kwamba majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, hasa madarasa ya chini, watoto hao walipata maendeleo makubwa kuliko wenzao. Utafiti huo umepingwa na wengi, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba athari hiyo mara nyingi ni ndogo. Lakini jambo moja lililojitokeza linatuhusu sana watu wa ualimu: athari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo mwalimu alikuwa bado hawajui wanafunzi wake.

Nani asiyewajua wanafunzi wake kuliko mwalimu wa TP? Tunaingia shule ngeni, tunapewa chaki, na pamoja na chaki tunapewa majina: huyu mzito, yule mwizi, wale wa nyuma achana nao. Kwa wiki chache tunafundisha majina hayo badala ya watoto. Cheko la mtoto mwingine ningeliona ni cheko. Cheko la yule niliona ni hulka.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, kuchapa, kwa fimbo na kwa kitabu. Vyote viwili huacha alama. Nilidhani nimemchapa kwa sababu ni mkorofi. Huenda nilikuwa mmoja wa wanaomchapisha ukorofi huo.

Nilichoambiwa na baba

Wiki moja baadaye nilimpigia baba. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza moja kwa moja kama hasira zake ziliisha. Maana kweli, nikiwa mdogo tulikuwa tukisikia baiskeli yake uani kila mtu anatafuta kazi ya kufanya. Lakini nikihesabu, tangu nilipokuwa darasa la nne sijamwona akimpiga mtu.

Akacheka. Akaniambia, "Mama, hazijaisha hata kidogo. Niliacha tu kukaa nazo ndani."

Ndipo nikaelewa kitu nilichokuwa nakiona miaka yote bila kukijua. Baba yangu ana kawaida ya kuondoka katikati ya maneno. Mnaongea, ghafla anachukua ndoo na kwenda kumwagilia migomba, hata kama mvua imenyesha asubuhi. Sisi watoto tulikuwa tukisema mzee ana dharau. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya miaka kumi na kitu. Nyumba nzima iliendelea kusema "baba ni mkali kwa hulka", na hakuna aliyeona kwamba mkono wake umeshabadilika.

Nilipomsimulia rafiki yangu wa hosteli, akanipinga. Akasema huko si kubadilika, ni kujificha. Mkali ni mkali, hata akimwagilia migomba.

Nimeifikiria sana hoja yake, na jibu langu ni hili. Tukimaanisha kwamba hisia ya ndani imetoweka, rafiki yangu ameshinda. Lakini hulka ya mtu tunaijua kwa njia gani kama si kwa anayoyatenda mara kwa mara? Kwa mtoto aliyekuwa akisubiri kibao, tofauti kati ya baba asiye na hasira na baba anayeondoka na hasira zake ni ndogo sana, na tofauti kati ya hao wawili na baba anayepiga ni kubwa mno. Tena aliyejizuia mara elfu si mtu yuleyule aliyejizuia mara moja. Ya kwanza ilikuwa vita. Ya elfu ni mazoea.

Kwetu hapa chuoni

Naomba nitaje mambo matatu tunayoyakosea kila siku.

La kwanza ni "mimi ndivyo nilivyo". Tunaitumia kama kitambulisho kumbe ni kufuli. Mtu anadesa kazi za wenzake mwaka wa kwanza mpaka wa tatu, ukimuuliza anasema yeye si mtu wa kusoma. Hujawahi kujaribu hata siku 18, umejuaje?

La pili ni "atabadilika tu". Hili nawaambia hasa dada zangu, ingawa na kaka zangu linawahusu. Kwamba mtu anaweza kubadilika hakumaanishi kwamba fulani anabadilika, wala kwamba ni kazi yako kusubiri hapo akikupiga. Mabadiliko ni kazi ya anayebadilika, na ushahidi wake ni matendo ya muda mrefu. Maua na machozi ya Jumapili si ushahidi. Baba yangu hakumwomba mtu amwamini. Alichukua ndoo.

La tatu ni kudhani ukishabadilika mambo yote yanafutika. Wiki ya mwisho ya TP nilimwita yule kijana, nikamwomba radhi, kisha nikarudia mbele ya darasa kwa sababu nilimpigia mbele ya darasa. Akasema, "Sawa, madam." Basi. Hakutabasamu, na sikustahili kutabasamiwa. Nilipokagua madaftari siku ya kuondoka, daftari lake la Historia lilikuwa limeishia tarehe ya zile fimbo. Kurasa zilizofuata zote zilikuwa nyeupe. Mimi naweza kujifunza upya. Yeye vipindi vile havirudi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni hili: hulka kwa sehemu kubwa tunapewa, na kamba ina urefu wake. Lakini dawa ipo. Haiondoi ugonjwa mara moja, ni dawa ya kumeza kila siku, kama dawa za presha. Mimi nimeanza na dogo: siingii darasani na fimbo, na masikio yakipata moto naweka chaki chini, naenda mpaka dirishani, nahesabu miti. Kwenye vipindi sita vilivyobaki nilienda dirishani mara nne. Wanafunzi walidhani madam anapenda mandhari.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Taja tabia moja unayoiita hulka yako. Umewahi kujaribu kuiacha kwa siku ngapi mfululizo?
2. Mtu anayezuia hisia mbaya kila siku na mtu asiye na hisia hiyo kabisa: nani mwadilifu zaidi? Toa sababu.
3. Ukipewa darasa jipya, ungependa kuambiwa sifa za wanafunzi kabla ya kuingia, au baada ya mwezi mmoja? Kwa nini?
4. Nani nyumbani kwenu amebadilika, na bado mnamwita kwa jina lake la zamani?